Roma kwa mara ya kwanza: jinsi ya kuona magofu, makanisa na makumbusho bila kumaliza siku kwenye foleni

Kila likizo inapokaribia maswali ni yale yale. Tiketi ya Colosseo, ule uwanja wa kale wa mapambano, nakata wapi? Vatikani naruhusiwa kuingia na kaptura? Siku mbili zinatosha? Nimeona niyajibu mahali pamoja, kwa yule anayekwenda Roma kwa mara ya kwanza na huenda akapitia mji wa Firenze. Sitakusimulia habari za makaisari mmoja mmoja, hizo utazisoma kwenye vibao. Ninachotaka ushike ni kwamba Roma inamshinda mgeni kwa saa tu. Sehemu chache kubwa huingiwa kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na tiketi hizo huisha mapema. Ukishazipata, mji uliobaki unautembea kwa miguu, na sehemu yake kubwa hailipiwi.

Kabla ya kuanza, hakikisha unavyo hivi

- Pasipoti na viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na utatakiwa bima ya safari inayofidia angalau euro 30,000. Ukipita nchi kadhaa, omba kwa ile utakayokaa siku nyingi zaidi. Aliye na kibali cha kuishi Ujerumani au Uholanzi haombi tena. Kibali cha Uingereza au Oman hakikuondolei viza.
- Kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni, pamoja na euro kidogo mkononi. Sarafu za euro 1 na senti 50 zitunze. Hatua ya saba utaona kwa nini.
- Viatu ambavyo mguu umeshavizoea. Barabara za mji wa kale ni mawe madogo yasiyolingana.
- Kanga au mtandio mkubwa. Utafunika mabega kanisani, utajifunika jua, na hauchukui nafasi kwenye mkoba.
- Chupa ya maji isiyo ya kioo. Vioo huzuiwa Colosseo.
- Adapta ya umeme. Plagi yetu ya pini tatu bapa haiingii kwenye tundu za Italia, zenye matundu ya mviringo.

Hatua ya 1: Gawa siku zako

Roma ipe siku tatu kamili, siku ya kutua usiihesabu. Ukiwa na ya nne, ipeleke Firenze. Watu huniletea ratiba ya Roma, Firenze, Venezia na Milano ndani ya siku nne, na jibu langu huwa lile lile: futa miji miwili. Utakachokumbuka ni stesheni.

Miezi mizuri ni Aprili hadi katikati ya Juni, kisha mwisho wa Septemba na Oktoba. Julai na Agosti jua ni kali na magofu mengi hayana kivuli. Majira ya baridi watu hupungua na bei za vyumba hushuka, ila Colosseo hufungwa saa kumi na nusu jioni.

Hatua ya 2: Weka siku za kufungwa kwenye kalenda kwanza

Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi ambapo kuingia ni bure hadi mchana. Makumbusho ya sanaa ya Uffizi na Accademia, yaliyo Firenze, hufungwa Jumatatu. Jumatano asubuhi Papa akiwepo hukutana na waumini, na uwanja wa Mtakatifu Petro hujaa. Kama humfuati yeye, siku hiyo nenda kwingine.

Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho na magofu ya serikali, Colosseo ikiwemo, ni bure kwa wote. Ni nafuu kweli, lakini huwezi kuhifadhi nafasi na foleni yake si ya mchezo. Mimi ningelipa.

Hatua ya 3: Kata tiketi zenye saa

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika, kwa hiyo tulia.

*Colosseo.* Tovuti rasmi ni ticketing.colosseo.it. Tiketi za kawaida hufunguliwa siku 30 kabla ya tarehe yako. Zile za asubuhi hugombaniwa kama tiketi za boti ya Zanzibar mkesha wa Idi, basi keti mbele ya kompyuta siku hiyo hiyo zinapofunguliwa. Ya kawaida ni euro 18. Inakupa saa maalumu ya kuingia Colosseo, na ndani ya saa 24 unaingia mara moja eneo la Foro ya Kirumi, magofu ya uwanja mkuu wa mji wa kale, na kilima cha Palatino kilicho jirani. Ipo ya bei zaidi inayokushusha hadi uwanja wa mapambano; ukiipata, ichukue, maana ukisimama pale chini ndipo unapouona ukubwa wa jengo.

Kila tiketi ina jina la mtu, na mlangoni hulinganishwa na pasipoti. Kwa sisi wenye majina matatu hapa pana mtego. Usiandike jina unaloitwa nyumbani wala jina la mtandaoni. Nakili jina na ukoo kama vilivyo kwenye pasipoti. Watoto walio chini ya miaka 18 hawalipi kwenye maeneo ya serikali, hata wakiwa wageni, lakini nao wakatie tiketi yao ya sifuri.

*Makumbusho ya Vatikani.* Tovuti ni tickets.museivaticani.va. Ni euro 20, na ukihifadhi mtandaoni unaongeza 5. Hizo 5 zisikuume. Ukiiona foleni ya wasiohifadhi ilivyozunguka ukuta, utazilipa kwa furaha. Kumbuka Vatikani ni dola yake, kwa hiyo ule msamaha wa watoto wa Italia haufiki huku: mtoto wa shule hulipa nusu bei au karibu na hapo.

*Pantheon.* Ni hekalu la kale lililogeuzwa kanisa. Euro 5 tu. Mara nyingi unaipata siku ile ile, usiipangie safari nzima.

Tahadhari. Ukitafuta tiketi kwenye intaneti, majibu ya juu kabisa huwa ni ya mawakala. Tovuti zao zimepambwa kana kwamba ndizo rasmi, na tiketi ya 18 utaikuta imepanda mara mbili au zaidi. Wengine ni halali na wanakupa mwongozaji, lakini ujue unalipia nini. Soma anwani ya tovuti kabla ya kuingiza namba ya kadi.

Jambo jingine dogo linalokosesha watu: tiketi huandikwa saa za kizungu zenye tarakimu 24. Ikisema 14:30, ni saa nane na nusu mchana. Kwenye simu iandike kama ilivyo kwenye tiketi.

Hatua ya 4: Kutoka uwanja wa ndege hadi mjini

Ukitua Fiumicino, treni iitwayo Leonardo Express inakupeleka hadi stesheni kuu ya Termini kwa dakika 32, bila kusimama njiani, kwa euro 14. Mkiwa watatu au wanne, teksi inawafaa zaidi: kuna bei rasmi ya euro 55 hadi ndani ya kuta za kale za mji, kwa gari zima pamoja na mizigo. Panda teksi nyeupe iliyo kwenye kituo. Anayekufuata ndani ya jengo akinong'ona "taxi, taxi" mwache.

Mjini, tiketi ya metro na basi ni euro 1.50 na inadumu dakika 100, ila metro unaingia mara moja tu. Kwenye malango ya metro unaweza kugusisha kadi ya benki moja kwa moja. Tiketi ya karatasi ya treni ya kawaida lazima uigonge kwenye mashine ndogo iliyo jukwaani kabla ya kupanda. Usipoigonga unahesabiwa kama hukulipa, hata ukiwa umeishika mkononi.

Hatua ya 5: Siku ya Colosseo, Palatino na Foro

1. Chukua saa ya kwanza au ya pili asubuhi. Shuka kituo cha Colosseo cha metro. Ukitoka tu, limekuelekea.
2. Fika dakika 20 kabla. Kuna ukaguzi wa mikoba kama wa uwanja wa ndege, na begi kubwa halipokelewi wala hakuna pa kuliacha. Mizigo iache hotelini au Termini.
3. Ndani, panda ghorofa ya juu kwanza wakati makundi yamejazana chini, kisha uteremke. Jengo lilizinduliwa mwaka 80 BK chini ya kaisari Tito. Vile vyumba vyembamba unavyoviona katikati vilikuwa chini ya sakafu ya mbao. Wanyama na wapiganaji walipandishwa kutoka humo.
4. Ukitoka, usifuate umati unaoteremkia Foro moja kwa moja. Pita njia ya San Gregorio uingie Palatino kwanza. Kilimani kuna miti, upepo na mahali pa kukaa, na ukiwa juu utaiona Foro yote imetandazwa chini yako kabla hujaishukia.
5. Teremka Foro. Hakikisha umekunywa maji na kujifunika kichwa, kwa sababu kivuli utakisahau.

Ndani ya Foro wageni wengi huzunguka wakipiga picha nguzo wasizojua ni za nini. Chagua vitu vitatu tu. Wa kwanza ni tao la Tito, lenye mchongo wa askari wakibeba kinara cha matawi saba kutoka hekalu la Yerusalemu. Wa pili ni hekalu la Antonino na Faustina, lililogeuzwa kanisa ndiyo maana limesimama bado. Wa tatu ni tao la Septimio Severo, la mwaka 203. Huyu alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo, akawa kaisari wa dola nzima. Waongozaji wengi hulipita haraka. Wewe simama.

Ukitokea upande wa San Gregorio, tembea kidogo hadi mbele ya makao makuu ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Pale ndipo ulipokuwa mnara wa Axum, uliochukuliwa Ethiopia na kusimikwa Roma mwaka 1937. Ulirudishwa kwao mwaka 2005, baada ya madai ya miaka mingi. Mnara wenyewe haupo tena, lakini kwa mtu wa kwetu nafasi ile inafaa kuonwa kuliko chemchemi kadhaa.

Hatua ya 6: Siku ya Vatikani

Kosa la kwanza la kila mgeni ni kudhani kanisa na makumbusho vina mlango mmoja. Havina. Kanisa kuu la Mtakatifu Petro linaingiwa kutoka uwanjani. Makumbusho yanaingiwa barabara ya Viale Vaticano, upande wa nyuma, na kati ya milango hiyo ni mwendo wa robo saa kando ya ukuta.

Anza na kanisa. Hufunguliwa saa moja asubuhi, ni bure, na saa hiyo ukaguzi hauna watu. Sanamu ya Pietà ya Michelangelo, Maria akimpakata Yesu aliyekufa, iko kulia unapoingia tu, nyuma ya kioo. Kupanda kuba ni ngazi 551. Ukilipia lifti zinabaki 320, nazo mwishoni huwa nyembamba na zimeinama pamoja na ukuta, kwa hiyo mwenye moyo dhaifu au anayeogopa mahali finyu asipande.

Kisha zunguka ukuta uende kwenye makumbusho, ukiwa umeacha nafasi ya saa mbili na nusu kati ya kuingia kanisani na saa ya tiketi yako. Ndani ni kilomita za vyumba, na mkondo wa watu unakusukuma kuelekea kanisa la Sistina. Usikubali kusukumwa kwenye ukumbi wa ramani. Tembea upande mmoja, tazama dari.

Sistina hairuhusiwi kupiga picha wala kuongea, na walinzi wanasema kwa sauti kubwa kuliko wanaoongea. Kuna benchi kandokando ya kuta. Ngoja moja liwe wazi, kaa, ndipo uinue shingo. Dari Michelangelo alilichora kati ya 1508 na 1512. Ukuta wa mbele, wenye Hukumu ya Mwisho, aliurudia akiwa mzee, 1536 hadi 1541. Ukiangalia vyote viwili kwa subira utaona jinsi mkono ulivyobadilika.

Hatua ya 7: Makanisa ya bure, na sarafu zako

Hii ndiyo siku ninayoipenda, na ndiyo wanayoikata wenye haraka. Michoro ambayo kwingine ungelipia iko makanisani, bila tiketi. San Luigi dei Francesi ina michoro mitatu ya mchoraji Caravaggio kuhusu Mathayo. Santa Maria del Popolo ina miwili. San Pietro in Vincoli, dakika chache kutoka Colosseo, ina sanamu ya Musa ya Michelangelo. Vikanisa vya pembeni mara nyingi ni giza. Kuna kisanduku, unatia sarafu, taa inawaka kwa muda kisha inazima. Ndizo zile sarafu nilizokuambia.

Makanisa madogo hufungwa mchana, kwa kawaida kuanzia saa sita au saa saba hadi saa tisa au kumi. Muda huo upeleke Pantheon, kisha chakula. Kuba la Pantheon lina kipenyo cha mita 43.3 na tundu wazi katikati. Mvua ikinyesha inaingia, na sakafu ina vitobo vya kuyapitisha maji. Likiwa na ibada watalii hawaingii.

Maji usinunue. Mabomba ya barabarani yanayotiririka siku nzima, Waroma wanayaita *nasoni*, ni maji safi ya kunywa. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole na maji yataruka juu kwenye kitobo kidogo.

Hatua ya 8: Firenze kwa siku moja

Treni ya mwendo kasi kutoka Termini ni kama saa moja na nusu. Kata wiki kadhaa mapema, bei hupanda kadiri siku inavyokaribia. Shuka Firenze Santa Maria Novella. Vituo vingine vyenye jina Firenze viko mbali na katikati.

Siku moja haitoshi kila kitu, kwa hiyo chagua: ama Uffizi, ama kuba la kanisa kuu, kazi ya Brunelleschi, pamoja na sanamu ya Daudi ya Michelangelo pale Accademia. Mimi huwapeleka wageni kubani. Lilijengwa kati ya 1420 na 1436, lina ngazi 463, halina lifti, na lazima uhifadhi saa. Asiyeweza ngazi atamwona Daudi, mwenye urefu wa zaidi ya mita 5. Yule wa Piazza della Signoria ni nakala, ila ni bure. Jioni panda Piazzale Michelangelo uone mji wote.

Venezia sitaieleza hapa, ila ukienda na kurudi siku moja ujue kuna tarehe, hasa kuanzia Aprili hadi Julai, ambapo wageni wa kutwa hulipa ada ya kuingia mjini. Angalia kabla ya kukata treni.

Makosa yanayojirudia

*Mavazi.* Kanisani mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia. Mlangoni pa Mtakatifu Petro hakuna kubembeleza.

*"Hakuna matata!"* Usishangae ukiitwa hivyo karibu na Colosseo. Mwenye kuita haongei Kiswahili. Ana bangili za uzi, atakufunga moja mkononi kama zawadi ya udugu, kisha atadai hela. Mikono weka mfukoni, salimia, endelea na safari. Waliovaa kama askari wa Kirumi nao hudai malipo baada ya picha.

*Simu mfuko wa nyuma.* Wachomozi wako metro na basi namba 64 la kwenda Vatikani. Mkoba uwe mbele.

*Kukaa ovyo.* Kwenye ngazi za Piazza di Spagna kukaa ni faini.

*Chakula.* Kwa asiyekula nguruwe: carbonara, amatriciana na gricia ni tambi, na zote zina guanciale, ambayo ni nyama ya shavu la nguruwe, hata menyu isipotaja. Cacio e pepe ni tambi za jibini na pilipili manga. Vyakula vya halali tafuta mitaa ya Esquilino, karibu na Termini. Kahawa kunywa umesimama kaunta. Ukikaa mezani kwenye uwanja maarufu bei inaweza kuwa mara mbili au tatu.

*Gari la kukodi.* Katikati ya miji hii kuna maeneo yaliyofungwa kwa magari yasiyo na kibali, yameandikwa ZTL. Kamera inakupiga picha na faini inakufuata hadi nyumbani.

Ikiwa mambo yamekwama

*Tiketi za Colosseo zimeisha.* Tafuta ziara yenye mwongozaji kwa wakala anayejulikana, ukikubali kulipa zaidi. Hazipo pia? Kata ya Foro na Palatino peke yake, na Colosseo litazame kwa nje jioni taa zikiwaka. Usinunue kwa mtu aliyesimama nje. Tiketi yenye jina la mwingine haikusaidii.

*Umechelewa saa yako.* Nenda mlangoni mara moja, onyesha tiketi na ueleze kwa upole kabla ya kununua nyingine. Huruma si haki yako, ila hupatikana.

*Kuna mgomo.* Neno utakaloliona ni *sciopero*. Hutangazwa mapema. Usafiri wa mjini Roma huwa na saa zinazolindwa, asubuhi hadi saa mbili na nusu na jioni saa kumi na moja hadi saa mbili usiku. Panga matembezi ya miguu katikati ya siku.

*Unatafuta pa kuswali.* Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa mwaka 1995, uko kaskazini mwa mji na si karibu na vivutio. Ijumaa utengee nusu siku.

*Pasipoti imepotea.* Nenda kituo cha polisi au cha Carabinieri, yaani polisi wa kijeshi, uandikishe taarifa iitwayo *denuncia*, chukua nakala yenye muhuri, kisha uende ubalozini kwako. Tanzania na Kenya zote zina ubalozi Roma. Kwa dharura yoyote namba ni 112. Picha ya ukurasa wa pasipoti na ya viza itume kwenye barua pepe yako kabla hujaondoka nyumbani, si kwenye simu pekee, kwa sababu mara nyingi aliyechukua pasipoti amechukua na simu.